MRI Inavyoufuatilia Ugonjwa wa MS Unaojificha

Mgonjwa wa maltipo sklerosisi, au MS kama unavyoitwa hospitalini, anaweza kukaa miezi akiwa mzima kabisa: macho yanaona, ganzi ya mikono imekwisha, anatembea bila shida. Kumbe ugonjwa bado unaendelea kichwani. Kwa wagonjwa ambao dalili huja na kupoa, kila dalili zinapozuka mara moja, madoa mapya 5 hadi 10 huwa yameshajitokeza kwenye ubongo. Ndiyo maana sisi madaktari wa neva hatuishii kumuuliza mgonjwa anajisikiaje. Tunaomba picha ya MRI.

Katika MS, kinga ya mwili huigeukia mayelini, utando unaofunika nyuzi za neva kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Utando ukichubuka, taarifa hupita polepole au hukatika. Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu mjini Paris mwaka 1868, baada ya kuchunguza bongo za marehemu. Mwaka 1981, watafiti wa Hospitali ya Hammersmith, London, waliwapima wagonjwa 10 walio hai. Kipimo cha CT kilionyesha madoa 19. MRI ikaonyesha mengine 112.

Picha ya kwanza tunayoisoma huonyesha madoa meupe. Mengi yana umbo la yai, yamechomoza kutoka kwenye vyumba vya maji vya ubongo kama yaliyopangwa. Tunayaita vidole vya Dawson. Picha hii hutupa hesabu ya madoa yote, lakini haisemi umri wake. Doa la miaka 10 na la mwezi uliopita yanaweza kufanana.

Ili kuyatofautisha, mgonjwa huchomwa sindano ya gadoliniamu kwenye mshipa wa mkono. Kwa kawaida kuta za mishipa ya damu ya ubongo huizuia dawa hii isipenye. Penye uvimbe mpya kuta huvuja, dawa hupenya, na doa hung'aa, pengine kama pete. Mng'ao huo hudumu wiki chache tu, kwa wastani kama 3. Kwa hiyo doa linalong'aa linatuambia kwamba ugonjwa umechachamaa sasa hivi.

Ukali wa madhara tunaupima kwa alama nyingine. Madoa yanayobaki meusi kwa muda mrefu katika picha za aina ya T1 huonyesha kwamba nyuzi zenyewe za neva zimekufa. Tena tunatazama ujazo wa ubongo. Mtu mzima mwenye afya hupoteza takriban asilimia 0.1 hadi 0.3 kwa mwaka. Mwenye MS asiyetibiwa anaweza kupoteza asilimia 0.5 hadi zaidi ya 1.

Hata hivyo, wingi wa madoa haulingani sikuzote na ulemavu. Doa moja kwenye uti wa mgongo, shingoni, linaweza kudhoofisha miguu kuliko madoa kadhaa yaliyokaa sehemu zisizo nyeti za ubongo. Hivyo picha husomwa sambamba na uchunguzi wa mwili: nguvu za misuli, macho, mwendo, kibofu.

Thamani kubwa ya MRI iko katika kulinganisha. Mgonjwa anapoanza dawa, tunapiga picha ya msingi baada ya miezi 3 hadi 6, kisha tunairudia kama mara moja kwa mwaka, ikiwezekana kwenye mashine ileile. Madoa mapya yakijitokeza wakati anatumia dawa ipasavyo, tunafikiria kuibadilisha kabla hajapoteza uwezo ambao hautarudi.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako mashine nyingi ziko katika miji mikubwa na gharama huzilemea familia, picha isiyo na ya kulinganisha nayo ni hasara. Omba nakala ya picha zenyewe, si ripoti pekee, uzihifadhi, na uende nazo kila unapopimwa. Kisha muulize daktari: kuna doa jipya tangu kipimo kilichopita? Jibu lake ndilo litakalowasaidia kuamua kama dawa inatosha.