Askari wa Mwili Wanapovamia Umio wa Mtoto

Ndugu askari na polisi, mzazi wa Gihosha akimwona mwanawe anasukuma kila tonge kwa maji, au analalamika kwamba nyama imemkwama kifuani, twamwomba asidhani ni madeko. Huenda umio umevimba kwa sababu ya mzio.

Mwili nao una askari wake, yaani chembe nyeupe za damu. Aina mojawapo, eosinofili, iliyoelezwa na Mjerumani Paul Ehrlich mwaka 1879, hupambana na minyoo. Katika umio haina kituo. Lakini mwili ukiyahesabu maziwa, ngano au mayai kuwa adui, chembe hizo huvamia hapo na kuijeruhi njia ya chakula.

Daktari hupitisha mrija wenye kamera, huchukua vinyama vidogo na kuhesabu: chembe 15 au zaidi katika eneo moja la darubini ni ishara kubwa ya ugonjwa. Tiba ni kuacha chakula kinachodhuru, au kumeza dawa ya kutuliza uvimbe. Baada ya wiki kadhaa huhesabu tena, maana mtoto aweza kunyamaza na huku vita vinaendelea, hata umio ukasinyaa kwa makovu. Basi tusikatize tiba kwa kuona kimya tu. Mlinzi mwema haondoki lindoni kabla ya kuhakikisha.