Zebaki na Mishipa ya Fahamu

Katika machimbo madogo ya dhahabu, toka Kahama mkoani Shinyanga hadi Geita, zebaki hutumika kunasa chembe za dhahabu zilizomo mchangani. Donge linalopatikana huchomwa: zebaki hugeuka mvuke, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Mtu akiuvuta hupenya mapafuni, huingia katika damu na kufika ubongoni.

Madhara huja polepole. Mikono hutetemeka, mwendo huyumba, kumbukumbu hupungua. Lakini yako magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu yenye dalili kama hizo. Hivyo hapana budi kupima.

Mwaka 2003 watafiti waliwapima watu 180 wa Rwamagasa, Geita, na kuwalinganisha na watu 31 wa Katoro, wasioguswa na kazi hiyo. Walichukua damu, mkojo na nywele, wakawataka pia waguse pua kwa kidole na kutia njiti za kiberiti kisandukuni. Kati ya wachomaji 99, 25 walionekana wamedhurika.

Maarifa hayo yalipatikana kwa kuwa wananchi walikubali kupimwa. Nasi mashuleni tunao wajibu wa kuyaeneza. Donge lisichomwe nyumbani wala karibu na watoto. Litiwe katika retoti, chombo kilichofungwa ambacho huupoza mvuke ukawa zebaki tena. Na mchomaji atetemekaye asidhaniwe mlevi. Apelekwe hospitali, na amweleze mganga kazi aifanyayo.