Fedha za Madereva wa Mashindano Zatoka Mfukoni mwa Nani?

Siku hizi hata huku kwetu Usevya, ambako kiangazi basi likipita hulioni tena kwa vumbi, vijana wawajua madereva wa mashindano ya motokaa kwa majina. Wawatazama katika simu zao, wabishana juu yao kijiweni, na swali lao kubwa ni moja: “Yule bwana alipwa kiasi gani?”

Swali hilo ni la haki, wala si vibaya kulijibu. Lakini liko swali la pili ambalo vijana hawaliulizi, nalo lawahusu zaidi wao na wazazi wao: fedha hizo atoa nani, na kwa nini azitoe? Leo tuyatazame yote mawili. Tuanze na mashindano ya hapa kwetu Afrika ya Mashariki.

MASHINDANO YA SIKUKUU YA PASAKA

Mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa huko London, wapenzi wa motokaa wa Nairobi walianzisha mashindano ya kumpa heshima. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika matope, mawe na mito. Baadaye yaliitwa East African Safari Rally, na kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka. Wazee wengi wa Arusha, Moshi na Usambara wakumbuka jinsi watu walivyosimama kando ya barabara kuyangoja magari hayo.

Magari ya mwanzo yalikuwa yale yale yaliyouzwa dukani. Hata makundi ya kushindania yalipangwa kwa bei ya gari: la bei ndogo lilishindana na la bei ndogo, na la bei kubwa na mwenzake. Wala madereva hawakuwa watu wa kuishi kwa mashindano. Walikuwa mafundi, wafanya biashara na walima mashamba. Sikukuu ikiisha, kila mtu alirudi kazini kwake, na gari likiharibika, mwenyewe alijua la kufanya.

Mfano mzuri ni Joginder Singh, Singasinga aliyezaliwa Kericho mwaka 1932. Huyu alikuwa fundi wa gereji. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia mashindanoni na Volvo iliyokwisha kutumika, wakawashinda wote. Akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, safari hizo mbili kwa Mitsubishi. Watu walimwita Singasinga Arukaye, na jina hilo lilimfuata mpaka alipofariki mwaka 2013. Lakini ufundi wake wa gereji ulitangulia sifa zake, nao ndio uliomwezesha kufika pale.

VIWANDA VYAFUNGUA MACHO

Mashindano yale yalikuwa magumu mno. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakafika 7 tu. Mwaka 1968 yalifika tena 7 tu. Sasa fikiri, msomaji: mkulima au mwalimu mwenye akiba yake ataka kununua gari. Asikia kwamba magari mengi yamekufa njiani, ila Peugeot imefika ya kwanza. Atanunua gari gani?

Wenye viwanda waliliona jambo hilo. Peugeot ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Datsun ikashinda mwaka 1970, 1971 na 1973. Toyota ikafuata mwaka 1984, 1985 na 1986. Si ajabu kwamba majina hayo yakawa majina ya kila siku katika barabara zetu. Ushindi wa siku chache porini ulikuwa tangazo la biashara la miaka mingi mjini. Hapo ndipo viwanda vilipoanza kutoa magari, mafundi, vipuri na mshahara kwa dereva hodari. Hawakumpenda kuliko wengine. Aliwauzia magari.

Basi hili ndilo jibu la kwanza, nalo ndilo msingi wa yote yanayofuata: dereva wa mashindano halipwi kwa sababu ya kwenda mbio. Alipwa kwa sababu mbio zake zauza kitu cha mtu mwingine.

WAPATA KIASI GANI?

Mashindano yenye fedha nyingi kuliko yote ni yale ya Formula One, ya magari ya chini yasiyo na paa, yakimbiayo katika njia maalumu. Mikataba ya madereva hufungwa kwa siri, lakini jarida la Forbes la Marekani hutoa makadirio kila mwaka. Kwa makadirio hayo, mwaka 2024 Max Verstappen wa Uholanzi alipata dola milioni 75: milioni 60 za mshahara, na milioni 15 za nyongeza kwa ushindi wake. Lewis Hamilton wa Uingereza alipata dola milioni 57.

Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, hizo za Verstappen ni zaidi ya shilingi bilioni 187. Zigawe kwa siku za mwaka ule, wapata zaidi ya shilingi milioni 500 kila siku, awe garini au amelala kitandani. Ni fedha za kutisha kweli.

Lakini tazama upande wa pili wa hesabu. Mwaka 2024 dunia nzima ilikuwa na timu 10 tu za Formula One, na kila timu ilikuwa na madereva wawili. Yaani nafasi 20, kwa mataifa yote ya ulimwengu. Tena kati ya hao 20, wa chini hupata sehemu ndogo sana ya fedha za wale wa juu.

MILANGO YA FEDHA

Mwaka huo huo wa 2024 kampuni yenye Formula One ilipata dola bilioni 3.4, na katika hizo ilizigawia timu karibu bilioni 1.3. Fedha hizo huingia kwa milango mitatu mikubwa.

Mlango wa kwanza ni televisheni. Vituo vya nchi mbalimbali hulipa ili vipate ruhusa ya kuonyesha mashindano, navyo huwatoza watazamaji wao.

Mlango wa pili ni ada ya wenyeji. Mji au nchi itakayo mashindano yaje kwake hulipa ili yaje. Ndiyo maana twayaona yakifanywa Bahrain tangu 2004, Abu Dhabi tangu 2009, na Saudia tangu 2021. Hata Safari Rally, iliyotoka katika mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, ilirudi Naivasha mwaka 2021 kwa sababu Serikali ya Kenya ilikubali kuigharimia, ikitumaini watalii na jina la nchi.

Mlango wa tatu ni matangazo. Timu nazo, mbali na mgao wao, huuza kila shibiri ya gari na kila kipande cha nguo ya dereva. Pale penye jina la kampuni, pamelipiwa. Mwaka 1968 timu ya Lotus ilipaka magari yake rangi za sigara za Gold Leaf, na tangu hapo makampuni ya sigara yakawa wafadhili wakubwa. Safari Rally yenyewe katika miaka ya 1980 iliitwa Marlboro Safari Rally. Huko Ulaya matangazo ya namna hiyo yalikatazwa mwaka 2005, na mahali pa sigara pakachukuliwa na mafuta, mabenki, vinywaji na kompyuta.

Jambo hili twalijua vizuri hapa kijijini. Kijana wa bodaboda apewa koti linalong'aa lenye jina la kampuni ya simu, alivaa bure kutoka Kibaoni mpaka Majimoto. Yeye afurahi kupata koti, na kampuni yafurahi kupata ubao wa tangazo utembeao. Verstappen naye ni ubao wa tangazo utembeao. Tofauti ni kwamba yeye atazamwa na mamilioni ya watu, basi ubao wake una bei.

Kampuni nayo yazitoa wapi fedha hizo? Yazitoa katika bei ya bidhaa yake. Anunuaye sigara, soda au lita ya mafuta alipa ndani yake senti chache za tangazo. Kwa hiyo, wasomaji, katika zile bilioni za Verstappen zimo senti za watu ambao hawajapata kuliona gari lake hata mara moja.

WENGI HUTOA KULIKO KUPOKEA

Hili ndilo vijana hawaambiwi. Kwa kila dereva mmoja apokeaye mshahara, wako wengi sana wanaolipa ili wakubaliwe kukimbia.

Niki Lauda wa Austria, aliyekuwa bingwa wa dunia mara tatu, alikopa benki akinunua nafasi yake ya kwanza, akaweka bima ya maisha yake kuwa dhamana. Michael Schumacher alikuwa mtoto wa mwashi. Mwaka 1991 alipopata nafasi ya kwanza katika timu ya Jordan, kampuni ya Mercedes iliilipa timu hiyo ili imchukue. Baba yake Hamilton alifanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja ili mwanawe ashindane, mpaka McLaren ilipomchukua kijana huyo mwaka 1998. Pastor Maldonado wa Venezuela alilipiwa na kampuni ya mafuta ya nchi yake. Alishinda Hispania mwaka 2012, lakini fedha za kwao zilipokatika, mwaka 2016 na nafasi yake ikaondoka.

Na hapa Afrika ya Mashariki? Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari mara tano, alizaliwa Uganda katika ukoo tajiri wenye mashamba makubwa. Charles Muhangi wa Uganda, bingwa wa rali wa Afrika mwaka 1999, alikuwa mfanya biashara mwenye mabasi. Mashindano yalikula faida ya biashara, hayakuizaa.

Nalisema hili kwa sababu nimeliona likigonga mlango. Mzee mmoja wa huku Mpimbwe alinijia ofisini akiomba nimwandikie barua kwa kampuni fulani, imsaidie mwanawe awe dereva wa mashindano. Kijana ni hodari kweli wa pikipiki. Wakati wakingoja jibu, mzee alikuwa tayari kuuza shamba lake la mpunga lililo bondeni, ili kijana anunue gari la kujifunzia. Nilimwandikia barua yake, maana hiyo ni kazi yangu. Lakini kwanza tulikaa tukapiga hesabu: gari, matairi, mafuta, fundi, ada ya kuingia, chombo kikipinduka. Tulipofika nusu ya orodha, bei ya shamba ilikuwa imekwisha. Mzee alikaa kimya, akauliza: “Sasa mwaka unaofuata tutakula nini?” Shamba halikuuzwa. Kijana sasa yuko kwa fundi wa magari, na wikiendi bado aendesha pikipiki.

Simcheki kijana huyo, wala sisemi kwamba mtoto wa mkulima hawezi. Baba yake Schumacher alikuwa mwashi tu. Nasema kwamba anayetaka njia hii aanze pale alipoanza Joginder Singh, yaani kulijua gari kwa mikono yake. Ufundi humlisha mtu akishinda, na humlisha akishindwa. Katika timu ya mashindano dereva ni mmoja, lakini mafundi ni wengi, na wote walipwa. Gari lililovunjika springi njiani Mpanda halimuulizi fundi kama amepata kuwa bingwa.

Wazazi nao, mtoto akiuliza “yule bwana apata kiasi gani?”, msimgombeze. Mwambieni kiasi, kisha mwulizeni yeye: “Na nani amlipa, naye auza nini?” Akiweza kujibu hilo kwa dereva, ataweza kujibu pia kwa mcheza mpira, kwa mwimbaji, na kwa kila mtu atakayekuja kumwahidi utajiri wa haraka. Hapo shamba la mpunga litakuwa salama.