Haipati, Haikupata, Haijapata: Kueleza Hitilafu za Usanidi wa Simu za Ofisini

Simu ya ofisini inayotumia intaneti haihitaji mtu aijazie mipangilio kwa mkono. Ikichomekwa waya wa mtandao, hupata umeme, huomba anwani, huelekezwa kwenye seva, huchukua faili lenye mipangilio yake, kisha hujisajili ili iweze kupiga na kupokea. Mfululizo huo ndio usanidi wa kiotomatiki. Ukikamilika, mtumiaji huona jina au namba yake kwenye kioo cha simu. Ukikatika njiani, kioo hubaki bila namba, na fundi hupelekewa sentensi moja: “Simu haijaunganishwa.”

Sentensi hiyo haina kosa la kisarufi, lakini haimwelezi fundi aanzie wapi. Kitenzi “unganisha” chaweza kuhusu waya, anwani, seva au akaunti ya mtumiaji. Hata hivyo, kitenzi kimoja cha Kiswahili kinaweza kubeba habari tatu ambazo fundi huzihitaji kwanza: kiambishi cha upatanisho hueleza kama simu ni moja au ni nyingi, kiambishi cha njeo hueleza kama jambo limeshindikana au linasubiriwa, na mzizi hueleza hatua iliyokwama. Anayetafsiri mwongozo wa kutatua hitilafu hizi, au anayefundisha uandishi wa taarifa za kiufundi, hana budi kuzilinda habari zote tatu.

I- na ZI-

Nomino “simu” imo katika ngeli ya I-ZI, hivyo umbo lake halibadiliki katika wingi. Tofauti huonekana katika upatanisho tu:

“Simu haipati anwani.”
“Simu hazipati anwani.”

Sentensi ya kwanza humwelekeza fundi kwenye kifaa kimoja: waya wake, tundu lake kwenye swichi, au simu yenyewe. Sentensi ya pili humwelekeza kwenye kile ambacho simu zote hukitegemea: swichi nzima, au seva inayogawa anwani kwa utaratibu wa DHCP. Katika mazungumzo, watu wengi husema “simu haifanyi kazi” wakimaanisha huduma nzima. Sentensi hiyo ikiandikwa hivyo katika taarifa, fundi anaweza kubadilisha waya wa mapokezi wakati seva ndiyo iliyozimika. Mfasiri anayefasiri kutoka lugha inayoonyesha wingi kwenye nomino ahakikishe kwamba wingi huo haupotei njiani. Pale upatanisho pekee unapoweza kupita bila kutambuliwa, ni afadhali kuongeza neno: “simu zote”, “simu hii moja tu”.

Mzizi wa kitenzi na hatua tano

Kuwaka. Simu nyingi za aina hii hupata umeme kupitia waya uleule wa mtandao. Kiwango cha IEEE 802.3af cha mwaka 2003 kiliruhusu swichi kutoa hadi wati 15.4 katika kila tundu. Simu isiyowaka haijafika hata mwanzo wa usanidi. Huenda swichi haitoi umeme, au vifaa vilivyochomekwa vimezidi uwezo wake. Neno “swichi” lenyewe lichungwe: nyumbani ni kitufe cha taa, katika mtandao ni kifaa kinachounganisha nyaya. Agizo “zima swichi” laweza kumfanya msomaji azime taa ya chumba.

Kupewa anwani. Simu hutangaza ombi, na seva ya DHCP huipa anwani ya IP. Mtandao mdogo wa kawaida wenye nafasi 254 za anwani unaweza kuishiwa iwapo kompyuta, printa na simu za mkononi zinachota katika akiba ileile. Baadhi ya vifaa vikikosa jibu hujipa vyenyewe anwani inayoanza na 169.254. Hapo mwongozo usiseme simu “imepata anwani”, bali “imejipa anwani”. Kiambishi -ji- ndicho kinachotoboa siri kwamba seva haikujibu. Inawezekana pia simu ikapewa anwani isiyoistahili, yaani ya kundi la kompyuta, kwa sababu tundu limepangwa katika VLAN isiyo ya simu.

Kuelekezwa. Pamoja na anwani, jibu la DHCP huweza kubeba jina au anwani ya seva yenye mafaili ya usanidi. Simu nyingi husoma chaguo namba 66, na za Cisco husoma pia chaguo namba 150. Simu yenye anwani nzuri lakini isiyojua pa kwenda “haijaelekezwa”. Kauli ya kutendwa inafaa hapa, kwa kuwa kosa si la simu.

Kupakua faili. Simu hulichukua faili kwa TFTP, HTTP au HTTPS. Mara nyingi jina la faili hutokana na namba ya MAC ya simu, yenye tarakimu na herufi 12, kuanzia 0 hadi 9 na A hadi F. Herufi moja ikikosewa, faili halipatikani. Seva nyingi hutofautisha pia herufi kubwa na ndogo. Jibu 404 la HTTP lina maana kwamba seva imefikiwa na imejibu, ila faili lililoombwa halipo. Kwa hiyo tafsiri “seva haipatikani” ni kosa linalompeleka fundi kukagua nyaya ambazo ni nzima. Kwa HTTPS, saa ya simu nayo huhusika: ikiwa nyuma kwa miaka, simu inaweza kukataa cheti cha usalama cha seva, ikidhani muda wake wa kutumika bado haujaanza. Wafasiri wanaochanganya “pakua” na “pakia” wakumbuke bandarini: shehena hupakiwa chomboni na hupakuliwa kutoka chomboni. Simu inayochukua faili kutoka kwenye seva inapakua.

Kujisajili. Hatua ya mwisho hutumia itifaki ya SIP, ambayo maelezo yake ya msingi yanayotumika hadi leo yalitolewa mwaka 2002. Hapa wafasiri wengi huteleza kwenye jibu 401. Likifasiriwa “umekataliwa”, msomaji hudhani mambo yameharibika. Kwa kawaida ni swali tu: seva inaomba uthibitisho, na simu inatuma ombi upya ikiambatisha uthibitisho huo. Likijirudia baada ya hapo, ndipo nywila, au nenosiri kama wasemavyo wengine, ikaguliwe. Tafsiri inayofaa ni “uthibitisho unahitajika”. Jibu 403 ndilo linalostahili kuitwa “ombi limekataliwa”.

Kusajili, kusajiliwa, kujisajili

Katika hatua hiyohiyo, mnyambuliko nao una kazi. “Simu haijasajiliwa” ina maana kwamba msimamizi hajaiingiza katika orodha ya seva. “Simu haijajisajili” ina maana kwamba imo katika orodha, lakini yenyewe haijafaulu kujitambulisha. Suluhisho la kwanza liko mezani kwa msimamizi. La pili hutafutwa katika mipangilio ya simu au katika njia kati ya simu na seva. Mwongozo unaotumia “haijasajiliwa” kwa hali zote mbili humfanya msimamizi aingize upya akaunti ambayo tayari ipo.

-KU- na -JA-

Ukanushi wa njeo huongeza habari ambayo mara nyingi hupuuzwa:

“Simu haikupakua faili.” Jaribio limepita, nalo halikufaulu.
“Simu haijapakua faili.” Hadi sasa bado, na huenda ikapakua.
“Simu haipakui faili.” Kila ijaribupo, hali ni ileile.

Simu iliyochomekwa sasa hivi na “haijapakua” haina hitilafu bado, kwa kuwa kuwaka na kupakua programu mpya huchukua dakika kadhaa. Anayeichomoa wakati huo huweza kuiharibu. “Haikupakua” huhitaji wakati kutajwa. Umeme ukikatika na kurudi, simu huweza kuwaka mapema kuliko seva, zikaomba faili kabla seva haijawa tayari. Taarifa isemayo “simu hazikupakua faili umeme uliporudi, lakini moja iliyowashwa upya baadaye imepakua” inatosha kumwonyesha fundi kwamba mipangilio ni salama na kwamba zilizobaki ziwashwe upya. “Hazipakui” ingempeleka kuifungua seva bila sababu.

Neno “hitilafu”

“Hitilafu” limetokana na Kiarabu, ambako hubeba maana ya kutofautiana, na maana hiyo bado imo katika Kiswahili. Katika kazi hii inafaa sana kuikumbuka, kwa kuwa njia ya haraka ya kupata hitilafu ni kulinganisha: simu nzima ichomekwe kwenye tundu la simu mbovu, na mbovu kwenye tundu la nzima. Ubovu ukifuata simu, chanzo kiko kwenye simu au faili lake; ukibaki kwenye tundu, chanzo kiko kwenye waya au swichi.

Kwa ofisi yenye simu 20, taarifa iliyoandikwa vizuri ingesomeka hivi: “Simu ya mapokezi imewaka na imepewa anwani ya kundi la simu, lakini haipakui faili la usanidi, hata ikiwashwa upya. Simu nyingine 19 zimejisajili.” Kutokana na sentensi hizo, fundi hujua kwamba umeme upo, seva zinafanya kazi, na maelekezo ya DHCP yanazifaa simu nyingine. Ataanza kwa kulinganisha namba ya MAC iliyobandikwa chini ya simu na jina la faili lililo kwenye seva.