Kabila, Jinsia na Ulemavu: Jibu la Hiari Kwenye Fomu ya Kazi Huenda Wapi?

Tovuti ya ajira hukusanya taarifa za namna mbili kutoka kwa mwombaji. Za kwanza ni zile ambazo bila hizo hakuna kazi: jina, nambari ya simu, masomo, vyeti na uzoefu. Za pili humweka mwombaji katika kundi: jinsia, umri, kabila au rangi, ulemavu, dini, hali ya ndoa. Hizi za pili mara nyingi hukaa karibu na mwisho wa fomu, zikiandamana na maelezo kwamba kujibu ni hiari, na miongoni mwa majibu huwekwa nafasi ya kusema "sitaki kujibu". Kijana wa Kitengela, Kaunti ya Kajiado, anayejaza maombi kwenye saiba au kwenye simu yake anaweza kukutana nazo katika fomu ya serikali ya kaunti, ya Tume ya Utumishi wa Umma, ya kampuni ya Nairobi, au ya kampuni ya Marekani inayotafuta watu wa kufanyia kazi nyumbani. Maswali hufanana sana. Matumizi ya majibu hayafanani, na hapo ndipo waombaji wengi hukanganyikiwa.

Swali la tangu ukoloni

Nchini Kenya, kabila la mfanyakazi liliandikwa kwenye karatasi za kazi zamani kabla ya kompyuta. Sheria ya kuandikisha wenyeji iliyopitishwa mwaka wa 1915, na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande. Humo mliandikwa jina, kabila, alama za vidole, kazi alizofanya mtu na sahihi ya mwajiri aliyemruhusu kuondoka. Wengi walikivaa shingoni kikiwa ndani ya kijaluba cha bati. Hapakuwa na hiari yoyote: aliyepatikana bila kipande alitiwa nguvuni, na taarifa zenyewe zilimsaidia mzungu mwenye shamba kumsaka mfanyakazi aliyetoroka.

Uhuru ulipokuja, kipande kilikuwa kimekwisha kuondolewa, lakini mazoea ya kuuliza yalibaki. Kwa miaka mingi wasifu-kazi wa Mkenya ulitaja dini, ndoa na wilaya ya kuzaliwa kabla hata ya kufika kwenye masomo. Sambamba na hilo palikuwa na manung'uniko kwamba kazi za serikali huenda kwa watu wa kabila la wakubwa. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliweka manung'uniko hayo hadharani, na mwaka wa 2008 Bunge likapitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinasema kwamba taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Katiba ya 2010 ikaongeza vipimo vingine: Kifungu cha 27 kinataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na Kifungu cha 54 kinataka hatua kwa hatua asilimia 5 ya wanachama wa vyombo hivyo wawe watu wenye ulemavu.

Thuluthi haiwezi kupimwa bila kuhesabu, na kuhesabu hakuwezekani bila kuuliza. Hiyo ndiyo sababu swali la kabila, ambalo lilitumika kuwabana watu enzi ya kipande, lilirudi kwenye fomu za umma likiwa na kazi ya kuwalinda.

Kaunti: jibu linaloingia katika uamuzi

Kajiado ni mahali pazuri pa kuona jinsi kanuni hizi zinavyofanya kazi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika eneo hilo. Ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni wahamiaji waliojenga katika miji inayopakana na Nairobi. Kitengela, iliyokuwa kituo kidogo kwenye barabara ya Namanga katikati ya malisho ya Wamaasai, sasa ni mji wa zaidi ya watu 150,000, wengi wao wakiwa wapangaji na wenye ploti waliotoka kila pembe ya nchi, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya EPZ (eneo la bidhaa za kuuza nje) na vya saruji vilivyo ng'ambo ya pili, Athi River, Kaunti ya Machakos.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika Kifungu cha 65, inaitaka bodi ya utumishi wa umma ya kaunti izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo. Kifungu hicho hicho kinataja pia sifa na ushindani wa haki, kwa hiyo kabila halichukui nafasi ya cheti. Hata hivyo, ndiyo maana fomu za bodi za kaunti kwa kawaida huuliza kabila, kaunti ya nyumbani, kaunti ndogo, wadi na ulemavu.

Jibu moja linaweza kuwa na uzito tofauti kulingana na dawati linalolipokea. Mmaasai wa Isinya, Kajiado, akiomba kazi katika idara ya kitaifa Nairobi huhesabiwa kama mtu wa jamii isiyo na wengi humo. Akiomba Kajiado, yuko upande wa wenyeji, na ile asilimia 30 imetengewa wengine. Mkamba au Mkisii anayeishi Kitengela hali yake hugeuka vivyo hivyo anapoomba katika kaunti ya kwao. Katika fomu za namna hii jibu halifichwi kwa wanaoajiri. Liko mbele yao, na sheria inawataka walitazame. Tume ya Utumishi wa Umma nayo hutumia taarifa za aina hiyo katika ripoti zake za kila mwaka kuhusu maadili ya utumishi, zinazoonyesha mgao wa wafanyakazi kwa kabila, jinsia na ulemavu.

Ng'ambo: jibu linalofichwa

Fomu ya kampuni ya Marekani ina asili nyingine. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilikataza ubaguzi kazini na kuunda tume ya kuusimamia, iitwayo kwa kifupi EEOC. Waajiri wa kibinafsi wenye wafanyakazi 100 au zaidi hupeleka kwa tume hiyo hesabu ya kila mwaka ya wafanyakazi kwa rangi na jinsia. Sheria za 1973 na 1974 ziliongeza ulemavu na wanajeshi wastaafu kwa kampuni zenye kandarasi za serikali. Agizo la Rais Lyndon Johnson la 1965, lililozibana zaidi kampuni hizo kuhusu rangi na jinsia, lilifutwa na Rais Donald Trump Januari 2025, lakini sheria ya 1964 haikufutwa nalo.

Programu nyingi za kupokea maombi, kama Greenhouse na Workday, hutenga majibu haya na wasifu-kazi. Kwa utaratibu huo, anayefanya mchujo huona masomo na uzoefu bila kuona kisanduku cha rangi kilichowekwa alama, huku msimamizi wa takwimu akipata jumla tu: wanawake wangapi waliomba, wangapi waliitwa kwenye mahojiano, wangapi waliajiriwa. LinkedIn pia ina sehemu ya taarifa za aina hii ndani ya mipangilio ya akaunti, na yanayojazwa huko hayaonekani kwenye wasifu unaosomwa na watu.

Maswali haya yaliandikwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi Marekani. Ndiyo sababu mwombaji wa Kitengela hujikuta akiulizwa kama ana asili ya Kilatino, au kama ni mwanajeshi mstaafu, neno ambalo hapo linamaanisha aliyetumikia majeshi ya Marekani. Aliyestaafu kutoka Jeshi la Ulinzi la Kenya hakukusudiwa. Kuliruka swali kama hilo hakumpunguzii mtu chochote.

Hesabu inayofanywa

Faida ya taarifa hizi huonekana zinapojumlishwa. Tuseme kiwanda kimepokea maombi 200, nusu ya wanaume na nusu ya wanawake. Wanaume 40 wanaitwa kwenye mahojiano, na wanawake 24. Kiwango cha wanawake ni asilimia 60 ya kile cha wanaume. Mwongozo uliotolewa na mashirika ya serikali ya Marekani mwaka wa 1978 uliweka mstari kwenye asilimia 80: kundi likiwa chini ya hapo, kuna dalili kwamba njia ya kuchuja inalibana na inafaa ichunguzwe. Hesabu hiyo peke yake haithibitishi ubaguzi, ila inaonyesha pa kutazama. Kama wanawake walioomba tangu mwanzo ni 10 tu, kasoro huenda ipo kwenye tangazo au mahali lilipobandikwa. Kama wameomba wengi wakaanguka wote kwenye mtihani mmoja, mtihani ndio wa kuangaliwa.

Hesabu hii ina udhaifu wake. Waombaji wengi wakikataa kujibu, matokeo hupotoka. Kundi likiwa dogo mno, siri huvuja: ripoti inayosema kwamba mwombaji mmoja kati ya kumi ni kiziwi imekwisha kumtaja bila kutumia jina. Kwa sababu hiyo watakwimu makini hawachapishi hesabu za makundi madogo.

Tovuti zilizo katikati

Tovuti za ajira za kibinafsi zinazotumika Kenya, kama BrighterMonday na Fuzu, humwezesha mwombaji kujenga wasifu mmoja unaoweza kufika kwa waajiri wengi. Hapa panafaa uangalifu, kwa kuwa taarifa iliyojazwa ndani ya wasifu wenyewe haina hadhi sawa na iliyojazwa kwenye fomu ya takwimu. Tarehe ya kuzaliwa, picha au hali ya ndoa ikiwekwa kwenye wasifu, husafiri pamoja nao. Njia ya kujua ni kusoma sera ya faragha ya tovuti na kutafuta mambo matatu: nani anaona jibu, linatumika kwa kazi gani, na litahifadhiwa hadi lini.

Matapeli nao hutumia fomu za ajira kama chambo. Swali la kweli la takwimu halihitaji nambari ya kitambulisho, ada ya usajili wala namba ya siri ya M-Pesa.

Sheria inavyomlinda mwombaji

Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutotakiwa bila sababu kutoa habari za familia au mambo yake ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeifafanua haki hiyo. Inaziita kabila, afya, imani, jinsia, hali ya ndoa na majina ya wanafamilia data nyeti. Anayezikusanya anatakiwa aeleze sababu, akusanye zile tu zinazohitajika, na asizitumie kwa kazi nyingine. Idhini inaweza kuondolewa wakati wowote, na jukumu la kuthibitisha kwamba ilitolewa liko kwa mkusanyaji. Data nyeti ikichakatwa nje ya Kenya, idhini ya mwenyewe inahitajika pamoja na uhakika kwamba kuna ulinzi wa kutosha huko inakokwenda.

Mwombaji ana haki ya kujua kilichohifadhiwa kumhusu, kukisahihisha na kuomba kifutwe. Akinyimwa, hulalamika kwa Kamishna wa Data, cheo kilichoshikwa kwa mara ya kwanza na Immaculate Kassait kuanzia Novemba 2020. Sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kukamilishwa katika siku 90, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya kampuni, kutegemea ipi ni ndogo. Upande wa ajira, Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlinda hata anayetafuta kazi, na panapodaiwa ubaguzi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba haukutokea.

Kunyamaza hakufichi kila kitu

Kuacha kisanduku wazi hakumfanyi mtu asijulikane. Nchini Kenya jina la ukoo na shule ya msingi vinaweza kumtambulisha mtu kabla fomu haijafika mwisho. Marekani ni vivyo hivyo: watafiti Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan waliripoti mwaka wa 2004 kwamba, katika maombi karibu 5,000 waliyotuma Boston na Chicago, wasifu uliopewa majina ya Kizungu ulipata miito zaidi kwa asilimia 50 kuliko ule wenye majina ya Wamarekani weusi, ingawa sifa zililingana. Mashine nazo hujifunza kwa dalili. Mwaka wa 2018 ilifichuka kwamba kampuni ya Amazon ilikuwa imeacha programu yake ya majaribio ya kuchuja maombi baada ya kugundua kwamba ilikuwa ikiushusha wasifu wenye maneno yanayohusu wanawake, kwa sababu ilifunzwa kwa maombi ya miaka iliyopita ambayo mengi yalitoka kwa wanaume. Kosa kama hilo hugunduliwa kwa kulinganisha matokeo ya makundi, na ulinganisho huo hutegemea majibu yale yale ya hiari. Sheria ya Kenya ya 2019 nayo inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito.

Kwa hiyo kujibu kuna maana pale fomu inapoeleza jibu linakwenda wapi. Katika fomu ya kaunti, linakwenda kwa wanaoajiri, kwa amri ya sheria. Katika fomu ya takwimu, linatakiwa liishie kwenye jumla. Pasipokuwa na maelezo, kisanduku kinaweza kuachwa wazi, na ombi hubaki kamili. Fomu inayokataa kusonga mbele mpaka swali hilo lijibiwe haina haki ya kuliita la hiari.