Ukikamatwa Umelewa, Mbali na Nyumbani

Wafanyakazi wenzetu, kila mwisho wa mwezi wako wanaotoka Kamituga na Mwenga kwenda Bukavu: kununua vitu vya nyumba, kuona watoto wanaosoma, kuhudhuria ndoa au matanga. Barabara ya taifa namba 2 inachosha. Mtu akifika salama anataka chupa moja, na chupa moja huita ya pili. Halafu anashika tena usukani. Juu ya ajali tumeisha kusema mengi. Leo tuseme juu ya kasho.

Kwanza hesabu. Chupa kubwa ya bia, sentilita 72, nguvu 5 kwa mia, ina karibu gramu 28 za pombe safi. Mwanaume wa kilo 70 akimaliza mbili haraka, damu yake inabeba gramu 1 na zaidi kwa kila lita. Ini huondoa karibu gramu 0,15 tu kwa saa. Kahawa na maji ya baridi haviongezi mwendo. Aliyemaliza chupa tatu saa nne ya usiku bado ana pombe damuni saa kumi na mbili asubuhi, anapowasha motokari. Lotoko hatuwezi hata kuihesabia, kila mpishi ana nguvu yake.

Sheria ya barabara ya Kongo, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inakataza kuendesha ukiwa umelewa, hata kama hukugonga mtu. Ukimgonga akafa, sheria ya makosa inasema kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 2, pamoja na amande. Akijeruhiwa, siku 8 mpaka mwaka 1. Usijitetee kwa kusema «sikukusudia». Kosa lenyewe ndilo hilo: kuumiza mtu bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu.

Ni nini kinafuata? Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inasema polisi hawawezi kukushika zaidi ya saa 48 bila kukufikisha mbele ya sheria. Wakuambie sababu katika lugha unayoisikia, na una haki ya kuita jamaa au avoka mara moja. Kisha parke inaweza kukushika siku 5 kabla ya kukupeleka kwa jaji, na jaji anaweza kuongeza siku 15, halafu mwezi kwa mwezi. Karatasi ya maelezo yako usiitie sahihi mpaka isomwe kwa Kiswahili, neno kwa neno.

Hapa ndipo ugeni unauma. Gerezani mtu hula kile jamaa zake wanachomletea. Je, nani atakuletea sahani Bukavu kila siku? Jaji anaweza kukuachilia kwa dhamana, lakini anataka kujua kwamba hutakimbia, na mgeni asiye na anwani mjini ana shida kumwaminisha. Karte ya kazi, basi, isikae nyumbani sandukuni. Tena Sheria ya kazi ya 2002 inahesabu kufungwa kati ya mambo yanayosimamisha mkataba. Mkataba ukisimama, mshahara nao unasimama, na karo ya watoto haingoji.

Tujue pia kwamba AFC/M23 ilichukua Bukavu katikati ya Februari 2025, na kazi ya parke na tribinali za Serikali ilivurugika. Saa 48 za Katiba zilipata kuwa ngumu kudai.

Wengine huvuka Ruzizi kunywa upande wa Rwanda. Sheria ya kwenu inabaki darajani. Amri ya Rwanda ya mwaka 2002 iliweka mpaka wa gramu 0,8 kwa lita: zile chupa mbili tulizohesabu zinaupita. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuomba konsula wake aarifiwe, lakini Januari 2025 Kongo iliita wanadiplomasia wake warudi kutoka Kigali.

Mama, baba akikupigia simu kutoka kasho, usianze na ugomvi, huo utangoja. Uliza yuko kasho gani, alikamatwa tarehe gani na saa gani, nani anaandika maelezo yake, na kama kuna mtu aliyeumia. Andika yote. Kisha nenda kwa mjumbe wa sendika na kopi ya mkataba wa kazi, siku ileile. Na kama mtu anadai amande kwa simu, usitume kitu mpaka ujue karatasi ya malipo itatoka ofisi gani.