Kitshanga: esanse ya kuosha pikipiki haitupwe

Mvua ikinyesha, barabara ya Sake–Kitshanga inageuka tope, na kesho yake mafundi wa pikipiki wanajaa kazi. Bidoni la manjano lililokatwa nusu, esanse kidogo ndani, brashi ya meno ya zamani, kisha shene, kabureta, beringi. Esanse yenyewe inatoka Goma kwa barabara ileile; njia ikiharibika, bei inapanda. Ndiyo maana hapa hakuna anayeimwaga akiisha kuosha mara moja.

« Ninaiacha inalala, » fundi mmoja alituambia. « Asubuhi udongo uko chini, ninachota ya juu polepole, ninaipitisha mu kitambaa. »

Ni akili nzuri, lakini iko na mpaka. Mchanga na vumbi la chuma vinazama. Grisi na mafuta ya moteri, hapana: vimeyeyuka ndani ya esanse, havitalala chini hata wiki mbili. Kipuri kikikauka kinabaki na utelezi. Kwa breki, utelezi huo ni ajali. Breki tuoshe kwa maji na sabuni, tukaushe.

Viwandani wanachemsha dawa ya kuoshea ndani ya mashine iliyofungwa. Mvuke unapozwa, unarudi majimaji safi, na uchafu unabaki chini. Tuseme mapema, maana kuna mtu ameshafikiria sufuria na mbabula: usijaribu! Mvuke wa esanse unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Tena ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwa chini mpaka kwa mama anayepika jirani.

Kinachowezekana Kitshanga ni mabeseni mawili. La kwanza linatoa tope, la pili, lililo safi, linamalizia. La pili likichafuka linakuwa la kwanza. Na ndani tuweke mazutu: haiwaki kirahisi kabla ya kupata joto la nyuzi 55 hivi. Ni kweli inakawia kukauka, lazima upanguse. Lakini esanse ina benzeni, inayoweza kuleta kansa ya damu, na mafundi wetu wanaishika bila glavu kutwa nzima.

Linabaki lile tope jeusi. Wengine wanalimwaga kwenye mtaro, na mtaro unashuka mtoni, kule watoto wanachota maji. Fundi wetu analiweka ndani ya bidoni lenye kifuniko, nyuma ya garaje. Siku tuliyopita, lilikuwa limejaa, na hakuwa bado na jibu la kulipeleka wapi.